Hapa Tunatukana Kete, Si Mtu

Papa Zaina,

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye daftari lile ninaloandikia vipimo vya wateja. Kwa simu siwezi. Simu yako inasikika nyumba nzima, na wewe unajua sauti yangu imeshaleta nini katika nyumba hiyo.

Leo ni arobaini yako. Huko Kasongo wamekusomea dua asubuhi, na mimi nilishafunga mzigo wangu tangu juzi: mchele, mafuta ya mawese, na kitenge cha Mama Zaina. Lakini mvua iliyoanza jana imekata barabara na hakuna pikipiki inayotoka Wamaza. Kwa hiyo nimekaa mbele ya cherehani bila kushona kitu. Mara ya pili sasa nakosa kuwa mahali ulipo, na safari hii angalau kosa si langu.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja dukani kwako kununua nyuzi na zipu. Ulikuwa umeweka ubao wa dame juu ya meza, ule uliouchora kwenye katoni, vifuniko vya bia upande mmoja na vya soda upande mwingine, unacheza na jirani yako muuza sabuni. Nikakwambia, "Tajiri, ile kete yako inakufa." Ukaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea. Kisha ukamwondoa jirani kwenye kiti. Nilikushinda kabla hujanihesabia nyuzi, na ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa pindo la kanzu. Mimi nilikuwa na miaka miwili bila mume, yule aliyenifundisha dame, na miaka miwili sijacheka na mtu. Nilirudi Wamaza nikicheka peke yangu nyuma ya pikipiki. Sikuwahi kukwambia hilo.

Ndipo ukaanzisha kundi kwenye WhatsApp. Kila mtu na ubao wake nyumbani, unasogeza kete, unapiga picha, unatuma. Mwalimu wa Lusangi akaingia, Ramazani na wenzake wa pikipiki wa Salamabila wakaingia, nami nikaingia, mwanamke peke yangu, nikawapiga wote. Na ukaweka desturi kwamba mchezo haufungwi mpaka aliyeshindwa aseme kwa sauti yake mwenyewe, "Nimeshindwa." Kuandika hakutoshi. Wanaume wale walivyokuwa wakilitafuna neno hilo! Ramazani alikuwa analisema huku akiwasha pikipiki, ili lisisikike vizuri.

Shida ikawa midomo. Kwetu dame inachezwa kwa mkono na kwa mdomo, na kando ya barabara mchezaji asiyetukana watu wanamuuliza kama anaumwa. Lakini simu si kando ya barabara. Nyumba nyingi zina simu moja, na ujumbe wa sauti ukifunguliwa anasikia mke, wanasikia watoto, anasikia na mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Nakumbuka sauti yako ya taratibu siku ile ulipotukusanya: "Jamaa, hii telefone haiko ya miye peke yangu. Iko ya mama ya watoto, iko ya watoto, na mukwe wangu anakaa hapa pembeni anachagua mchele. Hapa tunatukana kete, hatutukane mutu. Mwenye atatukana mutu atatoka, na siku ya Ijumaa, nikitoka kusali, nitamurudisha."

Tukajifunza. Ramazani akaiambia kete yangu kwamba inanuka samaki wa juzi. Nikaijibu ya kwake kwamba inatembea kama bata aliyelamba pombe ya lotoko. Mwalimu akatuma sauti kwamba watoto wake sasa wanazitukana kete hata kwenye chakula, na mke wake anacheka. Nyumba zilikuwa zinatusubiri jioni, Papa Zaina. Ulikuwa umefanya kitu kizuri na mimi nilikuwa nakiona kama mchezo tu.

Na wewe simu yako ulikuwa huisikilizi sikioni hata mara moja. Nilidhani ni kiburi cha mtu mwenye simu mpya. Ni Mama Zaina aliyenieleza baadaye: mimi mjane, wewe mwanaume mwenye mke, ukaona heri kila ninalosema lisikike uani, ili pasiwe na maneno. Ulinilinda jina kwa sauti kubwa. Na mimi kwenye sauti hiyohiyo nikaja kumwaga uchafu.

Mara tatu ulinitoa na mara tatu ukanirudisha. Ile ya kwanza Bibi, mama mkwe wako, aliacha ungo wa mchele pale ulipo akaenda kulala kwa jirani siku mbili, maana mama mkwe hawezi kukaa pamoja na mkwe wake mahali lilipotamkwa neno kama lile. Nikamletea kuku. Alimpokea, akamwita kuku huyo Mama Sifa, na kila akimfukuza kwenye mchele alikuwa anamfukuza kwa jina langu. Ulinitumia sauti yake. Nilicheka nikalia.

Sasa Jumatatu ile. Miaka yote hukuwahi kunishinda, na Jumatatu ile ulinishinda. Ulinitegea kete mbili, nikazila kwa pupa, ukapita katikati ukanimaliza. Niliutazama ubao, nikatafuta pa kutokea, hapakuwepo. Nilipaswa kusema neno moja tu. Badala yake nikabonyeza nikamtaja mama yako. Marehemu mama yako, ambaye sikumjua, ambaye hajanikosea kitu. Neno lenyewe sitaliandika hapa, daftari hili wanalishika wateja.

Ulinitoa. Kisha ukanitumia ujumbe peke yangu, bila hasira: "Mama Sifa, leo umevuka. Pumuzika. Ijumaa nitakurudisha, na utasema ile neno yako." Na mimi, kwa kisirani changu, nikakufungia namba yako isinifikie tena.

Jumanne ukashikwa na homa. Alhamisi alfajiri ukaondoka, na Alhamisi hiyohiyo mchana wakakuzika. Habari iliwekwa kwenye kundi. Mwalimu alipata, Ramazani alipata, Lusangi nzima ilijua, Salamabila nzima ilijua. Mimi nilikuwa hapa nashona sare za kwaya. Kama ulinitafuta katika siku zile mbili, sijui. Mama Zaina hajasema na mimi naogopa kumuuliza.

Ijumaa kisirani kikanitoka. Nikakufungulia, nikapanda kilima chetu cha rezo, kule simu zetu zinakopata mtandao, tangu adhuhuri, nikakaa kwenye jiwe. Nikahesabu: sasa anatoka kusali, sasa anavaa viatu, sasa anafika nyumbani. Kitu hakikuja. Jua likashuka, watu wote wa rezo wakateremka. Nikasema moyoni, kumbe na wewe ni mtu wa maneno matupu. Nikabonyeza nikakutumia sauti. Nilikuita mwongo, na mengine zaidi ya mwongo. Wakati huo ulikuwa na siku nzima chini ya udongo.

Mama Zaina alikuwa mkekani na wanawake wa kilio. Simu ikalia, akaifungua ili atulize mlio, na kwa kuwa simu yako haijui kusema polepole, sauti yangu ikatoka yote. Mbele ya Bibi. Mbele ya shangazi zako. Katika msiba wako, Papa Zaina, mtu aliyekutukana ni mimi.

Jumapili Ramazani alifika Wamaza na pikipiki. Nilimwona anashuka bila kuniamkia vizuri. "Mama Sifa, watu wote walitoa pole kwa groupe. Weye hata neno moja hapana. Tulisema, huyu mama iko na moyo wa namna gani?" Nikamuuliza, pole ya nini? Akaniangalia sana. Nadhani ndipo akakumbuka kwamba nilikuwa nje. Alivua kofia, akakaa chini kwenye vumbi, mwanaume mzima, akaniambia. Sijui nilipiga kelele kiasi gani, lakini majirani walikuja na maji.

Alinileta Kasongo siku hiyohiyo. Nikaja na kuku. Bibi hakumpokea. Alimfungua miguu, akamwacha atembee, akasema, "Hii safari kuku haiwezi." Basi. Nilibaki nimepiga magoti mpaka Mama Zaina akaniita ndani alipokaa eda. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilijua atanifukuza na ningeondoka bila kujitetea. Akasema, "Unisamehe."

Mimi, nimsamehe yeye! Akaendelea: "Jumatano usiku, homa ikiwa kali, aliniambia, mama, kama sitaamuka, Ijumaa usisahau kumurudisha Mama Sifa. Na miye nilisahau, juu ya kilio. Ile Ijumaa nilisahau." Kisha akachukua simu yako akanirudisha palepale. Akanipa na kazi yako ya kulinda kundi. Nilikataa. Nikamwambia, mimi ndiye mwenye mdomo mchafu kuliko wote. Akasema, "Ndiyo. Utajua pa kuangalia."

Nimekuwa naangalia. Kwa wiki ya kwanza hakuna aliyecheza, walikuwa wanatuma picha za ubao mtupu. Kisha Mwalimu akasogeza kete moja, tukafuata. Duka lako limefungwa bado. Zaina amekuwa anawapanga wadogo zake kwenye ubao wako wa katoni, na nasikia anawapiga.

Jambo moja nimelibadilisha, na kama hulitaki utanisamehe. Anayemtukana mtu bado anatoka. Lakini Ijumaa sisubiri tena. Kabla jua halijazama namrudisha, hata kama ni kupanda kilima kwenye mvua, hata kama mwenyewe hajatulia. Juzi Ramazani alimtaja baba wa mtu. Nikamtoa saa nane, na saa kumi nilikuwa kwenye jiwe lile, nimemrudisha. Aliniuliza mbona haraka hivyo. Siiamini Ijumaa tena.

Bado kuna mchezo wetu. Ubao wa Jumatatu ile nimeufunika kwa ungo kule chumbani, kete ziko kama zilivyokuwa, kwa sababu sijalisema neno lile na kwa desturi yako mchezo haujafungwa. Nitakwambia ukweli wote: mwanzoni sikulisema kwa kiburi. Baadaye sikulisema kwa kuogopa, maana mchezo ukishafungwa, sitakuwa na kitu tena ninachocheza na wewe.

Lakini haifai kukuacha ukisubiri. Nimeshakusubiri mimi jioni moja tu kwenye jiwe, na najua kunavyouma. Mvua imeanza kupungua. Nikimaliza ukurasa huu nitapanda kilimani, nitabonyeza, na nitalisema kwenye kundi taratibu, kwa sauti yangu, ili simu yako ilitoe pale uani. Bibi alisikie akichagua mchele wake. Zaina alisikie. Wasikie wote waliosikia yale mengine.

Nenda, rafiki yangu. Kuku nitaendelea kumletea Bibi mpaka siku atakayompokea. Nyumba zote za kundi lako, za Kasongo na za huku kwetu Kabambare, sitaziingiza neno la aibu tena, na hakuna mtu atakayelala nje ya kundi lako.

Umenishinda, Papa Zaina. Ilikuwa kete nzuri sana. Nimeshindwa.

Mama Sifa
Wamaza