Tabaka la Tatu na la Nne

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa binamu yako.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mpwa wangu, Bibi Redio,

Hujambo, mwanangu? Mama yako mgongo umemwachia? Mapacha wamezoea shule? Sisi huku wazima, ila uzima wangu ni ule wa kutajwa na watu waliosimama mlangoni. Tangu nilipopooza, mguu wa kushoto umegoma na ulimi unaburuta maneno. Mkono wa kulia bado unaniheshimu, ndiyo maana unaipata barua hii.

Alhamisi nilikupigia simu. Ulisema, "Mjomba, pumzika, nami nakupenda." Sikuwa nimesema nakupenda, ingawa ni kweli. Nilikuwa nasema: simamisha ile bodi.

Nikamwandikia mkwe wangu karatasini, naye akakutumia ujumbe. Ukajibu tusiwe na wasiwasi, mjomba mwenyewe alishaikubali. Mkwe akanisomea huku akinipapasa bega, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Ni kweli niliikubali.

Sasa nisikilize. Mchoro wako wa bodi ya nyaya, ya matabaka sita, ya ile mashine ya kusikiliza pumzi za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, niliujibu "safi sana" bila kuuelewa. Niliutazama asubuhi nzima. Nikishika tabaka la tatu, la kwanza limeshanitoka kichwani. Hata ule wa kabla yake nilijibu hivyo hivyo.

Nilichelea kukwambia kwa sababu ungeacha kuniletea. Humu ndani huletewa uji, vidonge na pole. Michoro yako ndiyo pekee iliyokuja kunitafuta mimi, fundi aliyekufundisha redio.

Jumatano mkwe alitandika kitanda, akaiweka ile plastiki chini ya godoro. Kulipokucha godoro lilikuwa limelowa, unajua kwa nini. Nikamwandikia kwamba amekosea mpangilio. Akacheka mpaka akaketi. "Baba, hata kitanda unakipangia matabaka! Si plastiki ipo humo humo?"

Ipo, nikaandika, lakini haipo katikati.

Hapo mchoro wako ukanirudia. Ethi, lile tabaka la shaba linalozuia ishara zisivujiane, unayo, mpwa wangu, pana na nzuri, lakini umeilaza tabaka la tano. Tabaka la tatu umepitisha ishara ya pumzi, ambayo ni dhaifu kama mnong'ono. La nne umepitisha mapigo ya saa ya mashine, yanayodunda kutwa kucha. Nyaya hizo mbili zimelaliana, zinakwenda upande mmoja, na kati yake hakuna cha kuzitenga ila kipande chembamba cha bodi. Mapigo yatavujia kwenye pumzi. Mtoto akinyamaza, mashine itaendelea kusema anapumua.

Fumua, upange upya kutoka juu: ishara, ethi, ishara, umeme, ethi, ishara. Nyaya zikikosa nafasi, panda hadi matabaka nane. Mwenye mashine atalalamika gharama. Mwache alalamike.

Najua bodi zinakwenda kiwandani wiki hii. Mkwe hataki kukutumia ujumbe tena, anasema nakusumbua bure. Jirani yetu fundi cherehani anasafiri kesho kuja huko, na ameapa kukukabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Barabara imejaa tope. Naye ni mtu wa kusalimia kila anayemjua njiani. Mimi nikishamkabidhi bahasha hii sina lingine la kufanya, nitalala hapa nikitazama dari.

Pembeni mwa mchoro umeandika, "Umekaguliwa na Mjomba." Futa maneno hayo. Mpe mwenzako wa karakana aukague, hata yule unayesema anajidai. Macho yake yanaona. Nami usiniletee tena mchoro wa kukubali. Ukipenda niletee tu nitazame, bila kuniuliza neno.

Nisalimie mama yako, mwambie kaka yake hajamsahau. Nisalimie mumeo na mapacha. Mkwe anakusalimu, anasema sasa plastiki anaiweka juu ya godoro. Mungu aitie nguvu mikono yako, na barua hii aifikishe kabla ya lori la kiwanda.

Nakupenda. Safari hii ndivyo nilivyosema.

Mjomba wako