Honi Mbili Kona ya Tatu

Machi 4

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limetulia, na ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo jua amepona. Kikohozi chako je, kimeisha?

Mgodini maneno ni mengi. Wanasema kampuni itateremsha mashine ya kuponda mawe hadi chini kabisa ya shimo, halafu mawe yapande juu yenyewe kwa mkanda wa mpira, na malori yaegeshwe. Mimi nilicheka. Miaka ishirini na mbili naendesha lori ambalo tairi lake tu linanizidi kimo, leo mpira uje kunifukuza? Ila wewe ni mhandisi, unakaa na wakubwa makao makuu. Niambie kweli, tusije tukamwaga unga huku tunacheka.

Baba yako


Machi 19

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mpe mama pole ya goti.

Hayo ya mkanda bado ni makaratasi, msitiane hofu. Nina ombi moja. Naandika ripoti kuhusu ile barabara mnayopandia kutoka shimoni. Vipimo vyetu vinasema yote ni imara, lakini uliwahi kunisimulia kwamba kuna mahali mnapiga honi mbili. Ni wapi, na kwa nini? Ukinieleza ardhi ilivyo kutoka chini hadi juu, utakuwa umenisaidia kuliko vitabu vyangu vyote.

Mwanao


Machi 30

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Kumbe mhandisi naye humhitaji dereva!

Honi mbili ni kona ya tatu. Ukingo wa nje pale unakunywa maji. Mvua ikipiga, unalegea hata kama juu pamekauka. Anayeshuka anapiga honi mbili, anayepanda anasimama kabla ya kona ampishe, na kila mtu kwa zamu yake anabana ukuta wa ndani. Haikuandikwa popote. Dereva mgeni tunamfundisha siku ya kwanza, na wakubwa hawajawahi kuuliza. Kwingine kote ni mwamba mtupu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, usinicheke mchoro.

Baba yako


Agosti 11

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua zangu mbili hukujibu. Mama yako alisema umezidiwa na kazi, na sasa kazi yenyewe nimeijua.

Wapimaji walikuja kupigilia vigingi vya njia ya mkanda. Kufika kona ya tatu, vigingi vikabana ukuta wa ndani. Rafiki yangu wa lori namba tisa akatazama, akasema, "Hii njia ni yetu. Nani kawaambia?" Nami nikamlaani huyo msaliti pamoja nao, tena kwa sauti kubwa. Wiki iliyofuata ramani ikabandikwa ubaoni, na jina lako liko pale chini pembeni. Hakuna aliyenitukana. Waliondoka pale ubaoni mmoja mmoja. Siku hizi nikiingia chumba cha chakula, mazungumzo yanakatika.

Ulinivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa na kutembea nacho. Nijibu moja tu. Uliponiandikia Machi, ulikuwa unajua?

Baba yako


Septemba 2

Baba,

Shikamoo. Nilijua.

Uamuzi ulipitishwa kabla sijaajiriwa. Bila mimi wangechora tu, tena wangeupitisha mkanda ukingoni, watu wakafa. Ningekwambia, usingenieleza. Barua zako niliziweka mezani, nikaona haya kuzijibu.

Nimekuombea kazi ya kukagua mkanda. Utatembea kando yake na kusikiliza palipoharibika. Kati ya madereva arobaini wamekubali mmoja, na ni wewe. Nakuomba uipokee, baba. Nisamehe.

Mwanao


Novemba 20

Kwa Mhandisi wa Mradi wa Mkanda,

Yah: Kutopokea kazi ya ukaguzi

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa nafasi niliyopewa. Sitaipokea, kwa kuwa wenzangu thelathini na tisa hawakupewa. Malori yote yameegeshwa leo. La kwangu nimelizima mwenyewe na ufunguo nimeukabidhi.

Pamoja na barua hii, narekebisha maelezo yangu ya mwezi Machi. Yalikuwa maelezo ya dereva. Lori hupita kona ya tatu likaenda zake, lakini nguzo ya mkanda itasimama pale siku zote. Ukuta wa ndani nao hutoa maji kwa chini, siku ya tatu baada ya mvua kubwa. Sikuyataja kwa sababu hayakuwahi kutuzuia kupita. Nguzo mbili za hapo zichimbiwe hadi kwenye mwamba kabla mvua hazijaanza, maana kuna watu watakaotembea chini yake.

Sina maelezo mengine. Hutahitaji kuniuliza tena.

Wako katika kazi,

Aliyekuwa dereva, lori namba kumi na nne