Nilimkosoa binti yangu kwa kusema kweli

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaghairi kuituma barua hii. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, binti yangu wa mwisho ni mwanafunzi wangu, na juma lililopita niliwaambia wote watunge sentensi kwa kutumia "angua kicheko", nikarudi nyumbani na madaftari sitini na mawili na kichwa kinaniuma, nikasahihisha bila kutazama majina, hata mwandiko sikuutambua, basi nikakuta mmoja ameandika, "Mama yangu hajawahi kuangua kicheko," nikamtia kosa kwa wino mwekundu, nikaandika, "Si kweli, kila mtu hucheka, rudia," ndipo nikafunga daftari nikaona jina la mwanangu. Nikamrudishia daftari hivyo hivyo. Kesho yake akaleta masahihisho: "Jirani yetu aliangua kicheko," nikampa tiki, mshauri, kwa mkono huu huu. Tangu hapo najilazimisha kucheka mezani, juzi nilicheka mpaka baba yao akaniuliza, "Mama watoto, unaumwa?" na binti akainamia sahani yake. Nimechoka mno, sikumbuki lini mara ya mwisho nilivunjika mbavu. Nimwambie nini, au ninyamaze tu yaishe?

Mama Mwalimu

Mama Mwalimu, pole. Madaftari sitini na mawili si mchezo, na ulikuwa hoi. Lakini ulipotoa ile tiki ulikuwa macho kabisa, na hapo ndipo ninapokugombeza. Mtoto alikwambia la moyoni, ukamrudisha akaandike habari za jirani. Sasa unacheka mezani kama mtu aliyepaliwa. Acha mara moja, hadanganyiki huyo.

Baba yao naye mwambie aache kuuliza kama unaumwa, aoshe vyombo.

Kunyamaza hakutasaidia. Leo mkifika nyumbani, si darasani, maana kule wewe ni mwalimu wake, mwombe daftari, futa lile kosa akiona, umpe tiki yake. Mwambie, "Uliandika sawa, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Nimechoka, na si wewe unayenichosha." Hayo ya mwisho usiyaruke hata ukiona aibu, kwa sababu mtoto wa mama aliyechoka hujiuliza kila siku amefanya nini. Kicheko usikitafute. Machozi yakikutoka, yaache yatoke, naye akuone. Angalau usiku huo atalala akijua si yeye.