Zamu ya Maji ya Jumanne

Ksar Ayt Bujja,
Tafilalt, Moroko.
Ijumaa, 3 Mei 2024

Mpendwa kaka yangu Bassu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na wifi yangu Malika pamoja na wanangu Yidir na Sifaw, na mgongo wako uwe umepoa tangu uache ile kazi ya kubeba. Sisi huku tunalala na kuamka, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima wa mwili. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna yabisi hata kidogo. Mume wangu Hammu anakusalimu, na Izza wangu amerefuka mpaka kanzu ya Idi ya mwaka jana imemfika nusu muundi.

Unanilaumu kwamba kila ukipiga simu nakata. Nakata kwa sababu nikianza kusema nalia, nawe utalipia kusikiliza kilio? Kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua nampa Hamadi, mwana wa jirani yetu Yamna, anayerudi huko kwenu Ubelgiji kesho kutwa.

Ulisema mara ya mwisho, "Tuda, chukua jembe ugeuze maji kwenye mitende ya baba, mbona jambo dogo unalifanya kubwa?" Kaka, ukiwa mbali kila jambo ni dogo. Habari hii uliisikia nusu nusu, basi isome yote, halafu uniambie wewe ungefanya nini.

Ilianza na mwalimu Nezha, yule binti wa Meknes aliyeletwa kwenye shule yetu ya vyumba viwili. Mwaka juzi alipokea mpango wa elimu ya mazingira: sanduku la vitabu vya mwalimu, michezo ya watoto, na karatasi za rangi za wazazi kubandika ukutani. Karatasi yetu ilituagiza tufunge bomba tunapopiga mswaki. Mama alimwambia Izza aisome tena. Kisha akauliza, "Na yule mwenye matikiti kule juu, naye kapelekewa karatasi?" Nyumba nzima ilicheka, maana bomba letu unalijua, kukohoa kwingi, maji haba.

Hayo mashamba ya matikiti wewe hukuyaacha. Yamekuja baada yako, na visima vyao vimechimbwa juu ya mfereji wetu, virefu kuliko tulivyowahi kuviona. Nusu ya vijana wa ksar, kijiji chote humu ndani ya kuta, wanafanya kazi huko. Siwalaumu, mtoto hali udongo.

Lakini Nezha hakuwa mjinga, na watoto walimpenda. Aliwatoa nje na vitabu vyao, akawafundisha kupanda komamanga, tini, nanaa na majani ya mbuzi nyuma ya darasa. Izza alikuwa akirudi na udongo mpaka masikioni, anatusomesha wote: msichome plastiki, msimwage mafuta mferejini, bibi usitupe betri. Mama alikuwa anamwitikia, "Ndiyo mwalimu, nimekosa mwalimu," na betri anazificha. Zilikuwa siku njema, kaka. Sikujua kama ni njema.

Mpango ule ulikuwa na bendera ya kijani. Shule ikifika mwisho wa mwaka na bustani yake ikiwa hai, inapewa bendera, wakubwa wanakuja na kamera. Shida ni kwamba shule haina zamu ya maji. Imejengwa juzi tu, na zamu za khetara yetu, mfereji ule wa chini kwa chini, ziligawanywa na mababu wa mababu. Nezha hakulijua hilo. Nanaa ilipoanza kunyauka akaja kwetu, akakaa pale mlangoni anazungusha bilauri ya chai.

"Bibi, niazimeni maji kidogo tu, mpaka wale wageni waje."

"Maji hayaazimwi, binti yangu," mama akamwambia. "Maji yanarithiwa, yananunuliwa, au yanatolewa."

"Basi nitafanyaje?"

"Kunywa chai kwanza. Umekonda kama fagio."

Kesho yake mama akamwita Faqihi Brahim na mashahidi wawili, akaitoa zamu yetu ya Jumanne kuwa wakfu kwa wanafunzi wa shule, mpaka Mwenyezi Mungu atakapoirithi ardhi na waliomo. Zamu ile ndefu, ya asubuhi mpaka magharibi! Wewe unajua hapa kwetu watu huweka maji wakfu kwa ajili ya msikiti, au kwa ajili ya maiti wao. Kwa nanaa ya watoto hakuna aliyewahi. Nikamwambia, "Mama, yule kaomba ya miezi mitatu tu!" Akanijibu kwamba sadaka ya kuazimisha si sadaka, na kwamba watoto wa hapa wanahama kwa sababu hawana kitu cha kwao cha kumwagilia. Tulikuwa bado na zamu fupi ya Ijumaa kwa ajili ya mitende, na wakati ule ilitosha. Kutoa ni moyo, nikajisemea.

Bendera ilikuja. Wakubwa walikuja, wakapiga picha na mama kati ya watoto, wakala kuskusi yetu na kuku watatu wa Yamna. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaka, mwenyeji hakupona.

Mwaka jana mwezi wa tisa wakaifunga shule. Watoto wamekuwa wachache, walisema, na sasa basi linawachukua alfajiri kuwapeleka shule kubwa ya pamoja mjini. Nezha alihamishwa. Alikuja kuaga, akambusu mama mikono, wakalia wote wawili kama waliofiwa. Mlango wa shule ukatiwa kufuli. Bendera hawakuishusha, imebaki juu ya mlingoti, jua limeinyonya mpaka haijulikani ni rangi gani.

Na maji ya Jumanne yakaendelea kupita kando ya mitende ya baba, yanakwenda zake chini ya ukuta, yanaingia kwenye bustani iliyofungwa. Wakati huohuo khetara ikawa inapungua. Wazee wakazifupisha zamu zote, na ile yetu ya Ijumaa ikawa inanywewa na udongo kabla haijaufikia hata mtende wa kwanza. Ile mijihuli, mitende ya tende kubwa, aliyoipanda baba mwaka uliozaliwa wewe, makuti yake yamekauka kuanzia chini kwenda juu. Mwaka huu Hammu alipanda kuichavusha akashuka na kikapu kilekile cha chavua. Hakukuta ua la kuchavusha.

Sasa unaniambia nigeuze maji. Nilimwambia mama maneno hayohayo, na kwa adabu kuliko wewe. Alinitazama kama nimemwambia tukamwibie maiti sanda. Hammu akajaribu kwa upole, "Mama mkwe, watoto wenyewe hawapo." Akajibiwa, "Wapo. Wako kwenye basi."

Kuhusu hilo basi nikuambie jambo moja. Sanduku lile la mazingira limefika na kwenye shule kubwa, vitabu vilevile, karatasi zilezile. Izza alipewa kazi aandike jinsi familia yake inavyohifadhi maji. Alikaa na kalamu jioni nzima. "Baba, niandike nini?" Hammu akamwambia, "Andika sisi ni wa kwanza nchi nzima, mwaka huu hatujamwaga hata tone." Alikuwa anatania. Mtoto hakucheka. Alikwenda shule na karatasi tupu, akakaripiwa mbele ya wenzake kwamba hajali mazingira. Izza wangu! Tangu siku hiyo hazungumzii tena habari za miti, na mimi sina moyo wa kumwuliza.

Baada ya Idi nilikwenda kwa Faqihi Brahim peke yangu, nikamwomba anitafutie njia. Akapekua vitabu vyake siku nyingi. Mwisho akaja mwenyewe nyumbani, akamweleza mama kwamba wakfu haurudi kwa aliyeutoa, lakini mahali palipowekewa pakikosa watu, unahamishiwa kilicho karibu na nia yake. Maji yanaweza kwenda kwenye mitende, alisema, kwa sharti kwamba tende ziende kwa wanafunzi, popote walipo.

"Tende zote?" mama akauliza.

"Zote."

"Na inayoanguka chini?"

"Nayo ni yao, Rkiya."

Mama aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha akakubali. Kaka, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Sikutaka tende hata moja. Nilitaka mitende ya baba iishi, na mama awe na kivuli cha kukalia, basi.

Jumanne hii iliyopita tulikwenda alfajiri. Hammu alikuwa ameuchimba mfereji upya na kuusafisha mpaka unang'aa. Mama alibeba udongo wake na matambara ya kuzibia, hakutaka kusaidiwa. Akauziba mlango wa maji wa shule, akaufungua wa mitende, akasema bismillahi, akakaa chini. Tukasubiri.

Jua lilipanda. Yamna alituletea mkate, hakuna aliyekula. Mara akaja Addi, msimamizi wa maji, anatembea polepole kama mtu anayeleta habari ya msiba, na kamba begani. Alikuwa ameshuka kwenye shimo la mfereji kule juu kuangalia kumezibwa na nini.

"Hakukuzibwa," akatuambia. "Chini pakavu. Nimeshika udongo na mkono wangu, hauna hata unyevu."

"Labda kesho," nikasema mimi.

"Tuda, dada yangu, usinifanye niseme mara mbili."

Hammu akaondoka akaenda kusimama nyuma ya mtende, nikamsikia analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumpiga mtu na sikumjua wa kumpiga. Tuligombana majira yote ya baridi, tukamsumbua faqihi, tukamvunja mama shingo mpaka akakubali, na yote hayo tulikuwa tunagombea kitu kilichokwisha kuondoka.

Mama aliinuka, magoti yanalia. Akachukua udongo akauziba mlango wa mitende. Akaenda kwenye ule wa shule, akaanza kutoa matambara moja moja.

"Mama, unafanya nini? Maji yako wapi?"

"Sijui," alisema. "Lakini nilikubali kuyahamisha, na sikuyahamisha, basi bado ni ya shule. Yakirudi siku yoyote, yasije yakanikuta nimewafungia watoto."

Alifungua wazi kabisa, akafagia kwa mkono mpaka ukutani, kisha akaomba tumshike arudi nyumbani.

Nimekata tamaa, kaka, nakwambia waziwazi ili usije ukasema hukuambiwa. Usitume hela ya pampu, hakuna cha kuvuta. Usiwalete watoto kiangazi hiki kuiona mitende ya babu yao. Hammu anatafuta chumba mjini Errachidia, tuhamie, na mama bado hatujamwambia. Sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Nisalimie sana Malika, na umshike Sifaw masikio kwa niaba yangu kwa kutojifunza lugha ya nyumbani. Shangazi Tlaytmas anakusalimu, na Yamna, na Addi, na Faqihi Brahim anayesema hajakusahau ulivyokuwa ukisinzia madarasani kwake. Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe riziki ya halali, na asikuonyeshe tuliyoyaona.

Na ninakuomba jambo moja tu. Ukimpigia mama simu Jumanne, usimwulize kama maji yamekuja. Atakuwa ametoka kuangalia. Mwulize magoti.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokukatia simu,

Tuda