Chumvi ya Mbuzi kwenye Tangi la Ireri

Ndugu yangu Ireri,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwa Mama, hapa Siakago, na tangi lako liko mbele yangu. Pampu inanguruma, taa yako ya buluu inawaka, na samaki mmoja anazunguka. Najua ungeanza kwa kuulizia matumbawe, hata kabla ya kuulizia watoto, kwa hiyo nitaanza na watoto, upende usipende.

Wako Githongo na mama yao. Kampuni ya maua ilitaka nyumba yake ya Timau. Waliidai kwa adabu, lakini waliidai. Mkeo Kagendo akafunga vitu, akarudi kwao, na sasa anawasaidia wazazi wake shambani kwenye kahawa. Watoto wameshazoea shule mpya, ila mdogo bado anavaa sweta la Timau hata jua likiwaka. Kuhusu tangi aliniambia neno moja tu: "Hiyo kitu mkae nayo nyinyi. Mimi nikiiona naona tu mgongo wake." Sikubishana naye. Nilikuwa nikija kuwatembelea nakukuta vilevile, umeipa familia mgongo, pua kwenye kioo, chai inapoa.

Basi bahari yako ikashuka mlima kwa pikapu. Maji yalikuwa kwenye mitungi, matumbawe na mawe yake kwenye ndoo zenye vifuniko, samaki na yule uduvi wako mwekundu kwenye ndoo yao peke yao. Njia nzima nilikuwa naifunua na kuchungulia, dereva akaniuliza kama nimebeba mtoto. Mama alipoona mitungi inashushwa alifurahi, akaleta sufuria. Nikamwambia hayo maji ni ya chumvi, hayanyweki. Aliirudisha sufuria yake jikoni. Unajua mwenyewe foleni ya maji ya hapa kwetu, halafu mwanawe anamwachia maji yaliyojaa sebule na hayafai hata kuoshea vyombo.

Bado sielewi ulivyofanya, Ireri. Mtu aliyekulia kwa mbuzi na mtama, anaachiwa tangi la bahari na meneja wake wa maua anayerudi kwao, na badala ya kuiuza anaanza kuilea. Ulisema kupima chumvi ni kazi yako ya kila siku, maana huko kazini ulikuwa unachanganya mbolea ya maua kwenye maji, na kwamba tofauti ni kidogo tu. Haikuwa kidogo. Miaka yote hiyo ulinisimulia kwa simu mwani ulivyoota juu ya mawe, pampu ilivyoziba, umeme ulivyokatika ukashinda unavuruga maji kwa kikombe ili samaki wapate hewa. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi huku nakusikiliza kwa sikio moja. Sasa najikuta nakumbuka karibu kila kitu, na kukumbuka huko kunaniuma kuliko nilivyotegemea.

Tatizo ni kwamba ulinifundisha baridi. Yote uliyojua yalikuwa ya Timau: hita mbili, blanketi kuzunguka tangi, mlango ufungwe. Hapa chini ya mabati, mwezi wa pili, hita niliitoa na kipimajoto kikaendelea kupanda. Ikabidi nifanye kinyume chako katika kila jambo. Nilifungua madirisha, nikaweka feni ipulize juu ya maji, na mwenye duka la soda akanigandishia chupa za maji nikawa naziweka zielee humo ndani. Kwa feni ile maji yalikuwa yanapungua haraka, na kila asubuhi tukawa tunaongeza maji ya mvua, matupu, bila chumvi. Hilo nilimwelewesha Mama vizuri. Alishika mara moja, maana ameshachemsha supu ikakauka ikabaki chumvi tupu.

Na bahari yako ilikubali. Nataka ulijue hilo. Matumbawe yako yalipita joto lile lote. Lile la kahawia lenye umbo la uyoga lilifunguka hadi likagusa kioo, yale ya kijani yakawa yanapepea. Watu wakitoka kanisani walikuwa wanapitia kwa Mama kuangalia, na yeye anawaeleza kama mwenye mali. Samaki wako wa rangi ya chungwa alimkubali upesi. Akimfukuza uduvi kwenye jiwe lake, Mama anacheka, anasema, "Mkali hivyo hivyo, kama Ireri akiwa na njaa." Hajacheka hivyo tangu tukuzike. Unajua presha ilikuangusha kazini, na simu ilipotufikia ulikuwa umeshakwenda. Mama analo neno moja tangu siku ile, analirudia akichambua maharagwe, akifagia, akisali: "Sikumpa hata maji ya kunywa."

Baada ya mvua niliitwa Embu kwenye semina ya walimu. Nikamwachia Mama tangi, bila wasiwasi.

Nikiwa huko, lile la uyoga likajifunga. Likasinyaa, likawa na ngozi ya kung'aa juu. Wewe ulishaniambia: likijifunga liache, linabadilisha ngozi, baada ya siku chache litarudi jipya. Mama hakuna aliyemwambia. Yeye aliona kitu cha mwanawe kimekataa kula. Na Mama, mbuzi akikataa kula, anafanya nini? Unajua. Alichukua chumvi ya mbuzi, lile bonge jekundu la kulamba, akavunja kipande, akakisaga kwenye kinu, akakoroga na maji, akamimina. Kidogo kidogo, alivyonieleza, ili kisishtuke. Nilipofika mlangoni alinipokea na furaha. "Nimekipa dawa," alisema, "kitaamka."

Nilikwenda ghalani nikasoma mfuko. Kati ya madini yaliyoandikwa pale kulikuwa na shaba. Nilikukumbuka ukirudi kutoka kwenye maua yaliyopuliziwa dawa ya shaba, unavyonawa hadi juu ya kiwiko kabla hujagusa tangi, Kagendo anakuuliza kama unakwenda kupasua mtu. Ulikuwa unasema mbuzi na watu wanaivumilia shaba, samaki naye kidogo, ila uduvi na matumbawe hawaiwezi kabisa.

Nilibadilisha maji, nikachanganya mengine kwa ile chumvi yako ya bahari iliyobaki, nikaweka makaa ya kusafishia, nikabadilisha tena. Mama alinisaidia kubeba ndoo. Nilimwambia ni usafi wa kawaida. Uduvi alikufa kwanza, miguu juu. Konokono wakaachia kioo mmoja mmoja. Kisha matumbawe yakaanza kuyeyuka, na sebule ikanuka ufuo uliooza, harufu ambayo Mama hakuwa ameijua maishani mwake. Niliyatoa kwa mikono, nikayazika nyuma ya zizi. Nililia, Ireri, huku nashika jembe, na nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Samaki peke yake alibaki. Shaba kiasi kile samaki anaiweza.

Jioni ile Mama aliniuliza yamekufa na nini. Nilikuwa nimechoka na nina mikono inayonuka. Neno la kweli lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama, nikasema, "Ni joto."

Kisha akasema, "Siakago kweli ni joto. Hata watu." Halafu akageukia tangi, akanyoosha kidole kwa yule samaki. "Kama si ile dawa yangu, hata huyu angekwenda."

Nilikwenda jikoni nikaweka chai.

Sasa hivyo ndivyo inavyosimuliwa. Wageni wakija anawaonyesha samaki na kuwaeleza jinsi joto lilivyoua vitu vyote vya Ireri, na jinsi yeye alivyowahi kumpa huyu chumvi akaokoka. Anaieleza vizuri, na kila mara inakuwa ndefu zaidi. Mwalimu mwenzangu wa sayansi alifungua mdomo kusahihisha, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Na lile neno lake la maji ya kunywa, Ireri, halisemi tena. Nimelisikiliza akichambua maharagwe, nimelisikiliza kwenye sala, halipo.

Kwa hiyo ulichokijenga kimekwisha, na aliyekimaliza hatajua. Nisamehe kama unaona ningemwambia. Wewe ulipenda vipimo vya kweli. Mimi nimelipima hili kwa siku nyingi na nimeona silisemi, si leo, si baadaye, na Kagendo naye sitamwambia.

Matumbawe mengine sitanunua. Tangi sasa ni mawe meupe, maji na samaki mmoja mwenye hasira. Nakuahidi nitamlinda kadiri nitakavyoweza, maana maadamu yuko hai, kuna mtu mmoja wa kwako ambaye Mama alimwahi.

Nenda salama, ndugu yangu. Nimekukosa kuliko ninavyojua kuandika. Jambo moja tu nakuomba. Mama amezeeka, na bila shaka atafika huko kabla yangu. Hatakusalimia sawasawa kabla hajaanza kukueleza alivyomwokoa samaki wako kwa chumvi ya mbuzi. Msikilize mpaka mwisho, halafu umshukuru.

Dada yako,
Wanjira