Mbuzi wa Karo ya Nyanya Tryphena

Edith wee, nimecheka mpaka machozi! Nyanya Tryphena ametusimulia sasa hivi.

Mwaka wa 1956, kule Mbololo, alipata nafasi katika vyuo viwili vya ualimu: cha mbali alichokiota usiku na mchana, na cha misheni hapo jirani, cha bei nafuu.

Babake akashindwa kuamua. Akaita wazee wachinje mbuzi, wasome matumbo.

Matumbo yakasema waziwazi: aende mbali! Nyanya akapiga vigelegele. Wakala nyama. WAKALA, Edith!

Ndipo mamake akauliza, "Kwani mmemchinja yupi?"

Yule aliyenoneshwa auzwe kwa karo ya chuo cha mbali.

YULE WA KARO!

Nyanya akaenda cha jirani. Anasema, "Karo yangu niliila mwenyewe, tena paja."