Milango ya Nyuma Tu

Jumatatu, 3 Machi

Ouko amesema mchana huu kwamba mlango wa dereva umekaa sawa. Mitatu iliyobaki ataimaliza kesho. Ni fundi wa saundiprufu, kuzuia sauti kwenye magari, hapa Migori mjini. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, na gari langu ndilo studio yangu. Nyumbani kuna kuku, kwa jirani kuna mchomeleaji, na redio haitaki kuku.

Nilikaa kumtazama. Anafungua kava ya mlango, anasugua bati kwa spiriti, anabandika karatasi nzito ya lami yenye foili, anaikandamiza kwa rola mpaka mapovu yaishe. Kisha anagonga kwa kidole. Kabla, debe. Baada, gogo. Matundu ya chini huyaacha wazi.

"Maji ya mvua lazima yatoke, jaduong'. Ukiziba, mlango unaoza kama jino."

Ananiita mzee. Nina miaka hamsini na miwili. Sawa tu.

Jumanne, 4 Machi

Gari limekwisha. Jaribio lake ni hili: anawasha redio ndani, anafunga milango yote, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka asisikie kitu. Leo hatua nne. Jana zilikuwa kumi na tisa.

Nilipokuwa naondoka waliingia wanaume wawili na gari kubwa jeupe. Wanataka milango ya nyuma na buti. Mbele pasiguswe. Anayependa muziki huanza na milango ya mbele, maana spika kubwa ziko huko. Naandika kwa sababu ni ajabu, si kwa sababu najua lolote.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa Ouko kwa ajili ya klipu moja iliyolegea. Gari jeupe bado liko kwake. Wamemwagiza abandike tabaka mbili, na ang'oe mikono ya ndani ya milango ya nyuma. Kuziba matundu ya maji alikataa. Wakayaziba wenyewe kwa silikoni.

"Labda wanabeba samaki," alisema.

"Samaki wa kupiga kelele?"

Tulicheka. Yeye zaidi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ouko alikuwa mlangoni kwangu saa moja asubuhi. Hakutaka chai. Nimeandika maneno yake alivyoyasema, kisha nikamrudisha mwanzo mara mbili. Hayakubadilika.

Jana saa sita alimaliza. Alinyoosha mkono awashe redio ya jaribio. Mmoja wao akamzuia. "Redio hailii kama mtu. Ingia wewe." Akaingia nyuma akidhani ni mchezo. Wakafunga. Mkono wa mlango hakuna, aliung'oa mwenyewe. Mbele kuna wavu wa chuma, waliufunga wao.

Alipiga kelele. Kupitia kioo aliwaona wakinywa soda. Mmoja alitega kiganja sikioni, akatikisa kichwa, akacheka. Alipiga kioo kwa ngumi mbili. Joto. Hajui ni dakika ngapi. Walipofungua, shati lilikuwa limemganda mwilini. Yule wa soda akampa leso.

"Fundi, wewe ni kiboko. Ni kama hukuwepo."

Kuna jambo lingine. Kila mlango anaoufunika huuandika kwa kalamu ya rangi chini ya karatasi: jina lake na tarehe. Mafundi wenzake hawana desturi hiyo. Yeye husema kazi nzuri isiwe yatima. Sasa jina lake limo ndani ya gari lile, pande zote mbili.

"Kukitokea kitu mle, jaduong', wataniuliza nani?"

Sikumpoza. Nilimwuliza namba ya gari. Imo kwenye daftari lake la kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Machimbo ya dhahabu ya Masara, kwa habari nyingine: mashimo yaliyoachwa wazi kando ya shule. Wanawake wanaoponda mawe hawakutaka kuzungumzia mashimo. Walinipeleka kwa Adhiambo. Mumewe, Were, ni katibu wa wachimbaji wa shimo moja. Wiki mbili amekuwa akikataa kutia sahihi ya kuwaachia wageni shimo hilo. Alhamisi jioni aliitwa barabarani kuzungumza. Hajarudi. Simu imezimwa.

Nilimwuliza aliitwa na nani.

"Watu wa gari. Jeupe, kubwa. Alikaa nyuma. Alinipungia mkono."

Magari makubwa meupe Masara ni mengi. Naandika hivyo nisije nikajidanganya. Lakini nilifunga milango yote kabla ya kuwasha gari. Niliogopa. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Wamempigia Ouko baada ya ibada. Wana gari la pili. Safari hii aende yeye kwao, kesho, na vifaa vyake, peke yake. Hawakusema kwao ni wapi. Watamchukua.

Mkewe alikuwa amefunga mizigo kabla Ouko hajamaliza kunieleza. Nimewapeleka wote wawili kisiwani Rusinga, kwa shangazi yake. Tulipita Homa Bay, tukapita Mbita. Hapo nikagundua kazi yake ilivyo nzuri. Lori lilitupita kwa karibu kabisa nami sikulisikia mpaka lilipoziba kioo.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri anataka habari itoke leo. Nimekataa. Nina fundi mmoja aliyefungiwa, mwanamume mmoja asiyeonekana, na hakuna kinachowaunganisha ila rangi ya gari. Sijamwonyesha Adhiambo namba ya gari. Hakuiona, na ningemtia maneno mdomoni. Tayari ameripoti kupotea kwa mumewe. Amepewa namba ya ripoti.

Mchomeleaji mwingine, aliye karibu na karakana ya Ouko, amenipigia. Gari jeupe lilisimama mbele ya mlango uliofungwa kuanzia saa tatu hadi saa nne, injini ikinguruma. Hakuna aliyeshuka. Likaondoka taratibu.

Nilimpigia Ouko nikamweleza yote, pamoja na Were. Hakuwa amesikia jina hilo. Aliuliza kama Were ana watoto. Watatu, nikasema.

Jumatano, 12 Machi

Jana mvua. Leo kumetulia, nami nimerudi Rusinga.

Ouko ataandikisha taarifa polisi. Mkewe hataki, na amemwambia hivyo mbele yangu. Ouko amesema jina lake liko ndani ya milango ile tayari. Ni afadhali liwe pia kwenye karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe. Shangazi alituandalia samaki na kuon, ugali wetu. Tukala.

Wakili wa Homa Bay amekubali kuwa naye. Daftari la kazi liko kwake. Adhiambo atasafiri kutoka Masara na picha ya Were na namba ya ripoti.

Were hajapatikana.

Kituoni Homa Bay, kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi.